Anayetazama Naye Atazamwe

Kutembelea mji wa watu kuna swali la maadili ambalo wasafiri wengi hulipita bila kusimama: mgeni ana haki gani ya kuwakodolea macho watu walio katika shughuli zao? Mabasi ya watalii yasiyo na paa, kama yale ya London, hulikwepa swali hilo. Abiria amekaa juu, amelipia kutazama, na sauti ya kwenye spika imeshamwamulia kipi kinastahili jicho lake. Walio chini barabarani hawawezi kumuuliza lolote. Ninavyoona, basi la kawaida ni njia njema zaidi ya kuuona mji mkubwa, hata kama nauli zingelingana, kwa kuwa humo anayetazama naye hutazamwa.

Macho ya msafiri si dhambi. Kurani huwahimiza watu mara kadhaa watembee duniani na kuangalia. Lakini sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 13, inafungamanisha tofauti za mataifa na makabila na kujuana, na kujuana ni kazi ya pande mbili. Aliyemchungulia jirani kupitia tundu la ufunguo atakuwa na habari zake nyingi, na bado hakuna atakayesema kwamba wawili hao wanajuana.

Chukua mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, mwendo wa kilomita 16 hivi. Basi linashuka Barabara ya Morogoro, linapita Ubungo na Magomeni, linakata bonde la Jangwani, kisha linaingia mjini na kuishia ufukweni, karibu na soko la samaki la Feri na pantoni ya Kigamboni. Mwongoza watalii angeanzia huku mwisho, kwenye makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu yaliyojengwa enzi za Wajerumani, na Jangwani asingeitaja. Abiria hana uchaguzi huo. Mto Msimbazi ukifurika bondeni hapo, barabara hufungwa kwake kama inavyofungwa kwa muuza samaki. Na ndani ya basi, mji unampima: ataambiwa asogee nyuma, atapokezwa mzigo wa aliyesimama, atatarajiwa kumwamkia mzee na kumpisha mama mjamzito. Kwenye daladala konda atamgongea sarafu akidai nauli, bila kujali ametoka wapi.

Wapo watakaosema kwamba bila mwongozaji mgeni hupita asijue alichokiona. Ni kweli: dirisha la basi halitamwambia kwamba Magomeni ndiko Nyerere alikoishi miaka ya 1950, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Lakini habari za namna hiyo husomwa popote, kabla ya safari au baada yake. Kisichosomeka ni namna watu mia moja wasiofahamiana wanavyogawana nafasi isiyowatosha, na hilo ndilo linaloueleza mji kuliko mawe yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mgeni amepanda kwa hiari; aliye kando yake amepanda kwa kukosa njia nyingine. Akichoka, mgeni ataita teksi. Je, huku si kuigeuza shida ya wenzake kuwa burudani? Inaweza kuwa hivyo, na kukaa siti moja na mtu hakufuti tofauti ya mifuko. Hata hivyo kujuana hakudai hali zilingane. Kungedai hivyo, tajiri na maskini wasingejuana kamwe. Kunadai kwamba kila mmoja aweze kumwajibisha mwenzake, na mwenye gari la kukodi amejitoa katika uwajibikaji huo tangu alipofunga mlango. Kwa hiyo pingamizi hili halilipingi basi, linampa mgeni masharti: asipande saa ambazo watu wanagombea kuwahi kazini, maana safari yake inaweza kungoja na yao haiwezi, na asimpige mtu picha bila kumwomba. Asiyeyaweza masharti hayo atakuwa mtalii wa juu ya paa hata akibanwa mlangoni pa daladala.