Marudio ni Mali ya Nani?

Mzee mmoja mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, katika nchi ya Geita, alitujia na swali: "Mchungaji, je, kuchukua marudio ni wizi?" Hakutaka jibu la haraka, wala sisi hatukuwa nalo.

Wasiokaa karibu na machimbo na wajue kwanza jambo lenyewe. Mchimbaji mdogo huleta mawe yake mwaloni, yakasagwa, unga wake ukaoshwa kwa maji, na dhahabu ikakamatwa kwa zebaki. Kazi hiyo mara nyingi haitoi hata nusu ya dhahabu iliyomo. Mchanga usaliao ndio uitwao marudio, na kwa desturi ya mialo mingi huachiwa mwenye karasha kuwa ujira wake, au sehemu ya ujira. Kisha mchanga huo hutiwa katika matangi yenye maji ya sayanidi. Dhahabu huyeyuka, mkaa huinyonya, na mwisho hutolewa katika mkaa ule. Njia hii si ngeni: MacArthur na ndugu wawili wa jamaa ya Forrest waliipatia hati huko Glasgow tangu mwaka 1887, na vilima vya mchanga vya Johannesburg, vilivyotupwa na waliotangulia, vimeoshwa upya na waliofuata.

Wako wasemao ya kwamba kilichoachwa hakina mwenyewe. Tena mwenye matangi ametoa fedha na maarifa, naye astahili ujira, hili hatulikani. Hata mwinjilisti mmoja alituonyesha Mathayo 13:44, yule aliyeona hazina shambani, akaificha, akalinunua shamba pasipo kumwambia mwenyewe. Twakiri hoja hii ilitushika siku kadhaa. Lakini Bwana atufundisha kwa mtu yule habari ya kuuza vyote kwa furaha, si habari ya kunyamaza; kama vile wakili wa Luka 16 asifiwavyo kwa busara, wala si kwa udhalimu wake.

Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aielezapo amri ya saba, haishii kwenye mkono wa mwivi. Akataza kuipata mali ya jirani kwa biashara ya hila, kisha atuagiza tumsaidie jirani ili mali yake na riziki yake izidi na kulindwa. Amri hiyo ni nzito kuliko tulivyozoea kuikariri!

Watu wa Japani, kwa ajili ya nishani za michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, walitoa simu na vyombo vyao vikuukuu, zikapatikana kama kilo 32 za dhahabu. Hakuna aliyedhulumiwa, maana kila mtu alitoa akijua ni kwa ajili gani. Mwaloni si hivyo. Wengine hawajui ni kiasi gani wanachoacha. Wengine wajua sana, lakini hawana fedha za kulipia karasha, nayo njaa ndiyo iliyopatana kwa niaba yao. Tulimwambia mzee awaambie kiasi kilichomo. Akacheka kidogo: "Nikiwaambia, hawataniachia."

Katika Walawi 19 mwenye shamba aamriwa asivune hata pembe za shamba, wala asiokote masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Hapa mambo yamepinduliwa: maskini ndiye avunaye, na masazo yaenda kwa mwenye ghala. Tena masazo yenyewe yaweza kuwa makubwa kuliko mavuno.

Mzee sasa anafikiri kutoza fedha za kusaga tu, na kugawana marudio na wachimbaji baada ya kuyapima. Tumeona vema. Lakini liko jambo ambalo hakutuuliza, tukamwuliza sisi: mchanga wenye zebaki ukitiwa sayanidi, sumu huenea mbali zaidi, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeihesabu kazi hiyo miongoni mwa zile za kukomeshwa. Lundo lake li hatua chache tu kutoka kisima wachotapo maji watoto wa mwaloni.