Subira ya Fundi
Asubuhi hii hapa Hanga, penye abasia ya Wabenedikto ambako sala na kazi hazitengani, na tuitafakari ile programu ya kuigiza urubani, Flight Simulator X ya mwaka 2006, ambayo katika kompyuta kuukuu huweza kuzimika ghafla ndege ingali angani. Huenda sababu isiwe uchakavu wa mashine, kwani programu yenyewe, kwa kuwa ni ya biti 32, haiwezi kutumia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4, hata mashine ikiongezewa kumbukumbu maradufu. Kwa hiyo fundi mwenye hekima hufuta vumbi, hupunguza madoido ya mandhari, hubadilisha jambo moja moja, kisha hujaribu tena. Nasi tusihukumu kabla ya kuchunguza, maana subira yenye utaratibu ni ibada.