Kupatana Bei na Mtu Ambaye Hutamwona Tena

Kuna stori moja ambayo mtu akitoka Zanzibar lazima aje nayo Nairobi, pamoja na pakiti za viungo na picha za jua likizama Nungwi. "Jamaa alianza na elfu themanini, manze. Nikamshusha mpaka thelathini." Watu hucheka. Mmoja huuliza kama hizo ni pesa za Kenya ama za Tanzania. Msimulizi huonekana mjanja, na stori inaishia hapo. Hakuna anayeuliza yule jamaa alibaki na nini.

Hebu tuulize leo. Ukiwa likizo nchi ya watu, ni sawa kumkaza muuzaji mpaka afike bei ya mwisho kabisa? Ama ulipe tu ile ya kwanza aliyotaja, kwa kuwa wewe umekuja kustarehe na yeye yuko kazini?

Naizungumzia Zanzibar kwa sababu ndiko wengi wetu tunaonja utalii wa nje kwa mara ya kwanza. Mkenya haombi viza, lugha ni yetu, na shilingi yetu moja hubadilishwa kwa karibu 20 za kwao. Mtu aliyezoea kulalamikia nauli ya matatu anajikuta ghafla yeye ndiye mgeni mwenye pesa. Ukisema "nipe hiyo" badala ya "naomba ile," umeshajulikana: huyu ametoka Kenya.

Wapo wanaosema suluhisho ni rahisi. Lipa unachoambiwa, usimsumbue mtu na riziki yake. Nia ni njema, lakini inamkosea muuzaji kwa njia nyingine. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Mtaa wa Gizenga au kule sokoni Darajani, bei ya kwanza si hukumu. Ni kama hodi, na anayebisha hodi anatarajia kuitikiwa. Muuzaji wa picha anasema elfu sitini akijua utasema arobaini. Atacheka, atakuuliza umetoka wapi, atakuonyesha ile picha kwa karibu, na mazungumzo yatafika mahali. Ukitoa noti bila neno, ukachukua picha na kwenda zako, umempa pesa lakini umemnyima biashara. Umemfanya mtu wa kusaidiwa, na yeye hakuomba msaada.

Lugha yenyewe inatuelekeza. Mjini siku hizi tunasema kubageini, lakini Kiswahili kina neno lake: kupatana bei. Tazama hilo "-ana" la mwisho. Kupendana kunahitaji wawili, kupigana kunahitaji wawili, na kupatana vilevile. Tena neno hilo ndilo tunalotumia kwa watu waliokosana kisha wakaelewana. Kiswahili hakisemi mnunuzi ameishinda bei. Kinasema watu wawili wamepatana. Kama mmoja amepata na mwenzake amepoteza, basi kilichofanyika kinahitaji neno lingine.

Jibu la pili rahisi ni kinyume cha lile la kwanza. Si huo ni utamaduni wao? Kila mtu anavutia kwake, na muuzaji hawezi kukubali bei inayomuumiza, kwa hivyo kaza. Wengi wetu tuko upande huu, na nadhani ndio wenye tundu kubwa zaidi.

Fikiria Gikomba. Una mama unayenunua mitumba kwake. Mnavutana, anakuambia unataka kumfungia biashara, unamwambia leo amekuwa mkali. Lakini kila mmoja wenu ana mpaka wake, na mpaka huo umewekwa na Jumamosi ijayo. Akikuuzia sweta yenye tundu akijua, hutarudi. Ukimkaza siku ambayo hajauza kitu, mzigo mpya ukifunguliwa vitu vizuri atamwekea mwingine. Kupatana bei kuna mlinzi wake, na mlinzi huyo ni kwamba mtaonana tena.

Kwa mtalii, mlinzi huyo hayupo. Kesho kutwa unapanda boti ya kwenda Dar, na yule muuzaji hutamwona tena maishani. Yeye pia anajua. Ndiyo maana anaweza kukuuzia unga wa manjano na kukuapia kuwa ni zafarani ya shambani Unguja, ilhali zafarani ni zao la nchi kama Iran. Ndiyo maana nawe unaweza kumwambia "duka la pale wanauza nusu," ilhali hujaingia duka lolote la pale. Nyote wawili mmechukua jambo la majirani mkalifanya kama watu wasiojuana. Maneno yamebaki yale yale: punguza, ongeza kidogo, bei ya mwisho ngapi. Kilichokuwa kinayashikilia kimeondoka.

Hapo ndipo ninaposimama. Kile ambacho nyumbani kinalindwa na kujuana, ugenini hakina wa kukilinda ila dhamiri yako. Ukisema "ni utamaduni wao" na kuishia hapo, umechukua nusu ya utamaduni tu, ile nusu inayokufaa.

Watu wengine waliwahi kuliona tatizo hili wakatafuta dawa tofauti. Katika karne ya 17 kule Uingereza, Wakristo walioitwa Quaker, wale ambao kanisa lao la Friends lina mizizi Kaimosi tangu 1902, waliona kwamba kutaja bei kubwa kuliko ile utakayokubali ni aina ya uongo. Wafanyabiashara wao wakaanza kutaja bei moja tu. Baadaye, kuanzia 1852, Aristide Boucicaut aliifanya Le Bon Marché ya Paris kuwa duka kubwa lenye bei zilizoandikwa kwenye bidhaa. Bei ya kuandikwa ni ahadi kwa usiyemjua: hata ukimtuma mtoto, atauziwa kwa bei ile ile.

Lakini angalia tunavyoishi na ahadi hiyo. Tikiti ya ndege inaweza kupanda kati ya asubuhi na jioni, nasi tunalipa. Chumba kile kile cha hoteli kinauzwa ghali zaidi wikendi ya Pasaka, tunalipa. Simu haina uso wa kubishana nao. Kisha tunashuka, tunakutana na mtu mwenye uso, na hapo ndipo tunakumbuka kwamba tuna bajeti. Ukipiga hesabu ya likizo nzima, mara nyingi aliyekazwa zaidi ni yule mwenye kidogo zaidi.

Najua mtakachosema. Lakini si wanatutoza bei ya wageni! Ni kweli, wanatutoza. Sasa nenda Nairobi National Park usome bango la viingilio. Raia ana bei yake na mgeni ana yake, na ya mgeni ni ya juu sana. Sisi tunaona ni haki, kwa sababu mbuga ni yetu na kodi ni yetu. Kinachoandikwa na serikali kwenye bango, muuzaji wa Mji Mkongwe anakifanya kichwani. Huwezi kukifurahia Lang'ata ukakiita wizi Unguja.

Bei ya juu si wizi, maadamu unaweza kuikataa. Uongo ndio wizi, kwa sababu unakuondolea nafasi ya kukataa: huwezi kukataa usichokijua. Kwa hivyo muuzaji wa zafarani ya uongo amekosa, na hali ngumu haimsafishi. Sina haja ya kumfanya mwenyeji malaika ili nimwonee huruma. Na mizani hiyo hiyo inakupima wewe. Kusema "ni ghali kwangu" ni haki yako. Kubuni duka la nusu bei ni zafarani yako ya uongo.

Bado kuna jambo moja ambalo halilingani hata nyote mkisema kweli: nani anaweza kuondoka. Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, wageni hupungua na vichochoro hukaa kimya. Ukimpa muuzaji mgongo siku kama hiyo, wewe unakwenda zako kula pweza Forodhani. Yeye akikupa mgongo, huenda amempoteza mteja pekee wa siku nzima. Ndiyo maana "si alikubali mwenyewe?" si jibu la kutosha. Mtu anaweza kuuza chini ya mtaji akijua kabisa anachofanya, kwa sababu mtaji umening'inia ukutani na unga unahitajika nyumbani leo. Huko ni kukubali, sawa, lakini sijui kama ni kupatana.

Hapa kijana wa Nairobi ana haki ya kuniuliza: na mimi je? Safari hii imelipwa na chama cha miezi kumi, si na baba yangu. Sijafika hapa kugawa pesa. Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba bajeti ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Sifa si sababu nzuri.

Tuchukue ile picha ya elfu sitini, ya mtindo wa Tingatinga, ule aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam miaka ya 1960 na ambao wengine wameuendeleza tangu alipofariki 1972. Mmevutana, ameshuka mpaka arobaini na tano. Wewe unataka arobaini. Anakuambia, "Hapo hata mtaji haurudi, ndugu yangu." Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya kazi, huna njia ya kujua. Unachokijua ni kwamba mnagombania elfu tano, yaani kama bob 250, na Westlands hiyo inakunywewa kikombe kimoja cha kahawa.

Jiulize hiyo 250 ni ya nini. Kama kweli mfukoni mmebaki arobaini, mwambie hivyo: "Naomba radhi kaka, nina arobaini tu." Akikataa, mshukuru uende, bila kununa na bila kumwita mwizi. Lakini kama unaitaka ili usionekane umechezwa, ili ukifika Nairobi stori iwe tamu, basi unakula chakula cha mtu ili upate cha kusimulia. Bei hiyo kwako ni mchezo. Kwake ni kodi ya nyumba.

Mengine ni adabu tu, na mengi unayajua kutoka nyumbani. Salimia kwanza, na aliye mkubwa kwako mpe shikamoo yake. Usitaje bei yako kama huna nia ya kununua, maana ukiitaja naye akaikubali, umefunga. Mkishakubaliana, usianze upya wakati anafunga bidhaa kwenye gazeti. Anayekubebea mizigo, elewaneni kabla hajainua begi, si baada ya kuvuja jasho. Kazi ya mkono, muulize ilichukua siku ngapi, na usikilize jibu kabla ya kutaja namba yako.

Mji Mkongwe, kwa bahati nzuri, ni mji wa kupotea. Vichochoro hujipinda, unadhani unaelekea baharini, na unajikuta tena mbele ya mlango ule ule uliopita saa moja iliyopita. Hicho ni kipimo kizuri hata kama boti yako ni ya kesho asubuhi. Baada ya kununua, jiulize kama ungeweza kupita tena pale jioni bila kutafuta njia ya kuzunguka. Muuzaji akakuona, akaita, "Mkenya, habari za tangu asubuhi?" nawe ukasimama ukamjibu. Kama ungeweza, mlipatana.