Kutumwa Bila Mkoba

Katika Luka 10 Yesu anawatuma wanafunzi sabini, wawili wawili, akiwakataza kuchukua mfuko, mkoba wala viatu. Tumezoea kuhubiriwa fungu hilo kama somo la kujinyima. Mimi nalisoma kama somo la kuhitaji. Asiye na mfuko atalala kwa watu. Asiye na mkoba atakula alichoandaliwa. Tuangalie mpangilio wa maagizo yenyewe: wale kwanza wanachopewa, ndipo waponye wagonjwa na kutangaza kwamba Ufalme umekaribia. Wanapofikia kuhubiri, tayari wamekula cha mwenye nyumba.

Ninahudumu Wuppertal, Ujerumani, yalipo makao ya Vereinte Evangelische Mission, ambayo tangu 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani. Dayosisi kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zimo, ile ya Kaskazini Magharibi kule Bukoba ikiwa mojawapo. Ndiyo maana mchungaji wa Buhaya aweza leo kutumwa kulea usharika wa Wajerumani. Nyumbani jambo hili hushangiliwa: zamu imegeuka, sasa sisi ndio tunaowapelekea. Furaha hiyo naielewa, lakini inanitia wasiwasi, kwa sababu inabadilisha watu na kuiacha fikra ileile ya zamani, kwamba aliyetumwa anacho na mwenyeji hana.

Anayetoa tu anaweza kuishi mtaani miaka na miaka asikae na watu. Yeye ndiye anayepanga aje lini na aondoke lini. Mwenye shida hana uhuru huo. Sharti abishe hodi. Jengo letu lina Wajerumani, Waturuki, Wasyria na familia ya Kikongo. Aliyenifundisha kuishi humo ni bibi Mturuki wa ghorofa ya pili, wa wale waliokuja baada ya mkataba wa 1961 uliowafungulia Waturuki kazi za viwandani Ujerumani. Alinikuta penye mapipa ya taka nimeduwaa. Akanipokonya kopo la mtindi, akabandua kifuniko chake chembamba, akavitupa vyote viwili, kila kimoja peke yake, kwenye pipa la njano; karatasi akazielekeza la bluu, maganda ya ndizi la kahawia. Kijerumani chake kilikuwa kifupi kama changu. Mchungaji wa Kilutheri alikuwa mwanafunzi wa Mwislamu, na ujirani wetu ulianzia hapo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata kwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la CMS la Uingereza, aliyefika Mombasa 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Historia za misheni huhesabu vitabu alivyoacha. Kwangu mimi, kule kuwa kwake mwanafunzi kulikuwa utume wenyewe, si maandalizi yake.

Lakini lipo pingamizi zito. Krapf alikuwa na barua ya Sultani Said wa Zanzibar mkononi. Mimi nina mshahara na kibali cha kuishi. Msyria wa ghorofa ya juu hakuchagua kuhitaji, wala hana kwa kurudi. Kulilinganisha hitaji langu na lake ni kumkosea. Je, aliyetumwa anaigiza tu unyonge? Nadhani jibu limo katika sehemu ya Luka ambayo hatuipendi: mji waweza kuwakataa waliotumwa. Wakikataliwa, wanakung'uta mavumbi na kwenda zao. Hawana cha kuwahonga watu wala cha kuwanyima. Hapo ndipo naiona kazi ya mkoba ulioachwa nyumbani: unamwachia mwenyeji uwezo wa kusema hapana. Misheni zilizokuja kwetu na shule na zahanati zilitufaa sana, nami ni tunda lao, lakini zilifanya imani ya mababu zetu iwe ngumu kupimwa. Mama mwenye mtoto anayechemka homa angewezaje kuukataa ubatizo uliokuja pamoja na dawa?

Hapa sina shule wala zahanati. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia waziwazi kwamba mahubiri yangu ni marefu, na kwamba yeye hakuomba mchungaji wa kutoka mbali. Nilimshukuru, tukaendelea kunywa kahawa yake. Jumapili nyingine huja ibadani, nyingine haji, na wala hanipi sababu.