Posho na Uzima: Swali Linaloihusu Luena

Mwaka 1945 kilitoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kitabu kidogo kilichowaudhi wakubwa wa Kanisa. Mwandishi wake, Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amefika Kongo mwaka 1933 na kuishi miongoni mwa Waluba wa upande wa Kamina. Kitabu kiliitwa La philosophie bantoue. Hoja yake kubwa ni kwamba kwa Mluba, kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezeka na kupungua. Baraka ya mzazi huiongeza, husuda huipunguza, na sala, dawa na heshima kwa wazee ni njia za kuilinda. Jean-Félix de Hemptinne, askofu aliyeliongoza Kanisa la Katanga, hakukifurahia kitabu hicho.

Swali lililomo humo bado lina uzito. Kama uhai wa mtu huongezeka na kupungua, basi mkaaji wa Luena, mji wa makaa ya mawe kwenye reli ya kutoka Lubumbashi kwenda Kamina, huongezewa uhai na nini? Na ni nani anayempunguzia?

Jibu moja kali lilitoka mbali. Mshairi Aimé Césaire wa Martinique, katika maandishi yake dhidi ya ukoloni ya mwaka 1950, alimshambulia Tempels bila huruma. Makampuni yanachimba utajiri wa Kongo, alisema, wenyeji wanahitaji mshahara, nyumba na chakula, na padre anakuja kuwaambia Wazungu kwamba kitu Wabantu wanachokitaka hasa ni kuheshimiwa falsafa yao. Ni vigumu kumpinga. Heshima isiyofika jikoni ni heshima ya maneno.

Lakini historia ya Katanga ina ushahidi mwingine, nao unalifanya jambo lenyewe kuwa gumu zaidi. Chakula kilitolewa, tena kwa hesabu. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya Katanga, iliamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwaajiri kwa muda mfupi na kuwarudisha vijijini. Kila familia ilipata posho. Daktari Léopold Mottoulle, msanifu mkuu wa siasa hiyo, alitaka afya ya mfanyakazi ifuatiliwe tangu utotoni: watoto wapimwe uzito, walishwe kwenye kantini za kampuni mbele ya wasimamizi, na mama wafundishwe namna ya kulea. Mafunzo ya lishe bora yanayotolewa leo kwenye vituo vya afya yana babu yake kambini.

Na bado, mwezi Desemba 1941, wafanyakazi hao waligoma. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu, mishahara ikabaki nyuma. Tarehe 9, kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, askari waliwapiga risasi watu waliokuwa wamekusanyika kudai nyongeza. Makumi walikufa, akiwamo Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Waliokufa uwanjani walikuwa watu waliolishwa na kampuni. Walichokuwa wakikidai kilizidi unga: walitaka mwenye kutoa unga awasikilize. Posho inaweza kumnenepesha mtu huku ikimnyang'anya uamuzi juu ya sufuria yake mwenyewe, na hapo falsafa ya padre na hasira ya mshairi zote mbili zinapungukiwa kitu.

Tempels mwenyewe huenda aliliona hilo baadaye. Kuanzia mwaka 1953, katika kambi za wachimbaji za Kolwezi, alikuwa pamoja na watu walioanzisha Jamaa, makundi ya waume na wake waliokutana kusema, kwa Kiswahili, juu ya uzima, uzazi na mapendo. Wake wa wafanyakazi, ambao kwa kampuni walikuwa sehemu ya hesabu ya posho, walisema mbele ya padre na mbele ya waume zao. Hapakuwa na sanduku la kura. Palikuwa na jambo linalotangulia kura: mtu kuchukuliwa kuwa ana la kusema.

Kambi ile ya kulishwa imekwisha. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Reli nayo imechakaa. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022 treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka upande wa Luena kwenda Tenke iliacha njia huko Buyofwe, mkoa wa Lualaba. Watu wasiopungua 75 walikufa. Walikuwa wamepanda juu ya mizigo kwa sababu treni ya abiria ni adimu. Anayetaka kujua maana ya uhai kupungua asianzie kwenye uchawi. Aanzie kwenye behewa lile.

Na mezani? Bukari, yaani ugali, ipo, ya mahindi au ya muhogo. Mboga za sombe na lengalenga hupandwa nyuma ya nyumba, maharagwe hupatikana, na maziwa ya Upemba hutoa samaki anayekaushwa na kusafirishwa mbali. Ardhi ya Haut-Lomami, mkoa ulimo Luena, haijawanyima watu chakula chenye kujenga mwili. Kumhimiza mama achanganye vyakula ni vema, ila asiyeuliza fedha za samaki zitoke wapi, na nani ana sauti juu ya shamba na juu ya mavuno, anarudia kosa la Mottoulle.

Sauti hiyo huanza kujengwa mahali padogo. Kwa hiyo uchaguzi wa kamati ya wazazi shuleni, jambo ambalo wengi huliona dogo, unastahili kutazamwa kama suala la kiroho. Kwa miaka mingi, tangu mgogoro wa miaka ya 1990, wazazi wa Kongo ndio waliowalipa walimu kwa michango yao. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa kwenye katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Mzazi aliyekuwa mlipaji akaachiwa nafasi ya mtazamaji, isipokuwa pale kamati inapofanya kazi kweli.

Shule nyingi ziko chini ya makanisa, kwa mkataba wa mwaka 1977 kati yao na serikali. Mchungaji au padre anayehubiri uzima siku ya Jumapili basi ana shule ndani ya uwanja wake, na uchaguzi ndani ya shule hiyo. Anaweza kuanza na mambo mawili: mama mkulima awe na haki ya kugombea sawa na fundi wa reli, na hesabu za shule zisomwe kwa sauti mbele ya wazazi wote, kwa Kiluba na Kiswahili, kabla ya kura kupigwa.