Huruma na Utumishi wa Roho

Mtu aliyejitoa kuwatumikia wenzake katika mambo ya roho hupimwa kwa nini? Wengi hutazama ufasaha wa mahubiri yake, wingi wa wafuasi wake, au urefu wa dua zake. Vipimo hivi si vibaya, lakini vyote huweza kupatikana kwa mtu mwenye moyo mkavu. Napenda tuutazame utumishi huo mahali ulipotiwa katika jaribio gumu, yaani katika milima ya Gusii, nchi ambayo leo imegawanyika katika kaunti mbili za Kisii na Nyamira.

Nchi hiyo haikukosa mafundisho ya dini. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafungua yao Nyanchwa mwaka 1912. Kabla ya hao wote Wagusii walimjua Mungu kwa jina la Engoro, wakawa na neno lao la huruma, amaabera, na desturi ya risaga, ambayo kwayo majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao. Leo makanisa ni mengi, hata Jumamosi na Jumapili nyimbo hupokezana kilima kwa kilima. Walakini katika nchi hiyo hiyo, mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wanawake, waliuawa kwa moto kwa tuhuma ya uchawi. Oktoba 2021 wanawake 4 wazee wakauawa kwa tuhuma iyo hiyo huko Marani.

Msomaji kijana atasema kuwa waliofanya hayo hawakuwa na huruma. Jibu hilo ni jepesi mno. Mara nyingi hasira ya namna hii huanza katika huruma. Mtoto amekufa ghafula. Mama yake analia. Majirani wanalia naye. Kisha mmoja ananong'ona jina. Uchungu ule ule walioupata kwa ajili ya mtoto unawatia nguvu za kubeba kuni mpaka mlangoni kwa ajuza. Huruma ilikuwapo, ila ilikuwa fupi: ilimfikia aliyependwa, ikakoma hapo.

Na ajuza huyo ni nani? Aghalabu ni mjane. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Pengine uzee umemwondolea kumbukumbu, akatoka usiku, akapotea njia, asubuhi akaonekana katika boma la mtu mwingine asijue amefikaje. Daktari hujua kuwa hayo ni maradhi ya ubongo. Kijijini huhesabiwa kuwa ushahidi. Tena ana kipande cha ardhi, na katika milima ile iliyosongamana watu, kipande cha ardhi si jambo dogo. (Sijapata kuelewa kwa nini mchawi mwenye uwezo wote huo wa usiku hushindwa kujiponya umaskini wa mchana.)

Hapa ndipo mtumishi wa roho hujulikana. Akiwa na maarifa bila huruma, atahubiri dhidi ya ujinga siku ya ibada, na maneno yake yatakuwa kweli tupu, nayo hayatamwokoa mtu. Akiwa na huruma ya kufuata umati, atalia na waliofiwa na kunyamaza juu ya mtuhumiwa. Na kimya chake kitahesabiwa idhini. Wako wanaofanya vibaya zaidi, wakautaja uchawi madhabahuni kwa namna inayomfanya kila msikilizaji amtazame jirani yake kwa shaka. Huruma ifaayo kazi hii ni ngumu kuliko machozi, maana humdai mtu amwendee yule ambaye wote wanamkimbia. Ni hatari, sitaki kuificha. Aketiye na mtuhumiwa huweza kuitwa mshirika wake.

Labda mtu atauliza kama wauaji nao wanastahili huruma. Nadhani wanastahili, kwani hofu ni mateso, lakini huruma hiyo haiwaondoi mbele ya mahakama. Kumhurumia mwenye hofu ni kumwahi kabla mkono wake haujashika kiberiti: kwenda naye hospitali kuuliza mtoto aliugua nini, na kukaa naye matangani mpaka maneno ya usiku yapoe. Na kwa ajuza, ni kumpelekea maji na uji, kumketisha mbele kanisani siku watu wanapomkwepa, na jioni ile jina lake linaponong'onwa, kuweka kiti mlangoni pake, wapitao waone nani ameketi hapo.