Jembe la Siku ya Tatu: Ukarimu na Mpaka Wake

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" imezoeleka mno hata wahakiki aghalabu huipita bila ya kuihoji. Wengi huifasiri kuwa kejeli kwa mgeni asiyejua kuaga. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali hii ni hoja ya kimaadili kuhusu mpaka wa ukarimu, na kwamba hoja hiyo ina sharti ambalo haikulitamka.

Julius Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya 1962 kuhusu Ujamaa, alipodai kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kwa maoni yake, mgeni mwenyewe angeliomba jembe kabla ya kupewa. Ufafanuzi huu una uzito. Jembe halimfukuzi mgeni, bali humwingiza katika kaya; anayelishwa daima pasipo kuombwa lolote hubaki mgeni daima. Aristotle naye aliuweka ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu, akaupima kwa kadiri ya mali ya mtoaji. Methali yetu inaongeza kipimo cha pili: hadhi ya mpokeaji.

Tuipeleke methali hii Kiambere, katika nchi kame ya Wambeere, kaunti ya Embu. Huko mvua za misimu miwili haziaminiki, na watu hutegemea mtama, mawele, kunde na ndengu. Nafaka ya kula ndiyo hiyo hiyo ya kupanda. Anayempikia mgeni mbegu yake ya mwisho hajamkirimu mtu. Amewanyima wanawe mavuno, na amemnyima pia mgeni wa mwaka ujao. Ni kweli kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo hauoti shambani. Mbegu, basi, ndiyo mpaka wa kwanza.

Hata hivyo, jembe linahitaji ardhi. Bwawa la Kiambere katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1988, liliwaondoa maelfu ya watu katika makazi yao. Aliyepoteza shamba namna hiyo, akifika kwa jamaa yake na siku ya tatu akapewa jembe, atalima wapi? Na je, mkongwe au mgonjwa, ambaye mikono yake haiwezi kulishika? Kumsomea mtu kama huyo methali hii ni ubahili uliovikwa joho la hekima.

Hatusemi kwamba kwa watu hao mwenyeji atoe hata mbegu. Tunasema kwamba asiyeweza kutoa zaidi aseme waziwazi, "Nimefika mwisho wa uwezo wangu," wala asimgeuzie mgeni lawama ya uvivu. Kuweka mpaka ni haki ya mtoaji. Kumfanya mhitaji aonekane mkosaji kwa sababu mpaka huo umemkuta si haki ya mtu yeyote.